Ngeli za Mkalimani wa Alama, Kati ya Kadutu na Ruzizi

Neno kiziwi limepanga foleni moja na kiti, kisu, kijiko na kibiriti. Kipofu, kiwete, kilema na kibogoyo wako nyuma yake kidogo. Anayetaka kujua wahenga waliwaonaje watu hawa hana haja ya kufungua kitabu cha historia, atazame kiambishi tu. Lakini sarufi hiyo hiyo, baada ya kumtupa mtu ghalani pamoja na vyombo, humrudia usiku na kumtoa: hakuna asemaye "kiziwi kimekuja" isipokuwa anayetafuta ugomvi. Tunasema kiziwi amekuja. Jina limebaki kwa vyombo, kitenzi kimemrudisha kwa watu. Wanasarufi huliita jambo hili upatanisho, na risala hii yote imejengwa juu yake.

Swali la utafiti ni hili. Ikiwa kiziwi kwa umbo ni wa KI-VI, na kwa upatanisho ni wa M-WA, je, yule anayesimama mbele yake akisema kwa mikono, yaani mkalimani wa lugha ya alama, ni wa ngeli gani? Jibu la harakaharaka, kwamba mkalimani ni M-WA kwa kuwa ana pua na masikio, limekataliwa na ushahidi. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtafiti amemwona mkalimani akiwa mfereji, akiwa kiti, akiwa jitu, akiwa katoto, na safari moja akiwa mstari wa bajeti usio na mtu nyuma yake.

Wapo waliotangulia katika kazi hii. Wamarekani waliunda chama chao cha wakalimani mwaka 1964 katika mji wa Muncie, Indiana, na toleo la mwaka 2005 la maadili yao lina nguzo 7: kutunza siri, kuwa na ujuzi wa kazi, kuwa na mwenendo unaofaa, kuwaheshimu wateja, kuwaheshimu wakalimani wenzako, kufanya biashara kwa uaminifu, na kujiendeleza. Chama cha dunia nzima kilizaliwa Montreal mwaka 2003. Walimu wao wameainisha wakalimani pia: kuna msaidizi, kuna bomba, kuna mwezeshaji, kuna mtu wa tamaduni mbili. Mtafiti hana ugomvi na nguzo hizo 7. Anachosema ni kwamba ziliandikwa kwa ajili ya mtu anayetoka nyumbani asubuhi, akawafanyia kazi watu asiowajua, akalipwa, akarudi kula. Mkalimani wa Bukavu anajulikana na viziwi wote wa Ibanda, Kadutu na Bagira, anajulikana na mama zao, na mmoja wa wateja wake ni shemeji yake. Uainishaji uliotoka Indiana hupanda gari vizuri tu pale Nyawera, lakini kabla haujafika soko la Kadutu umeshaishiwa pumzi.

Ndiyo maana tunarudi kwa ngeli. Tunazo tayari, hatuhitaji mfadhili.

M-MI: mkalimani-mfereji

Ngeli hii ina mti, mkono, mdomo, mlango na mfereji, vitu visivyo na maoni. Ndiyo ngeli ipendwayo na waandishi wa maadili. Kinachoingia huku kitoke kule, bila kuongezwa chumvi wala kupunguzwa pilipili. Kanuni yake kubwa ni nafsi ya kwanza: kiziwi akisema kwa mikono "nina njaa", mkalimani aseme kwa sauti "nina njaa", hata kama yeye mwenyewe ametoka kula bugali na sambaza sasa hivi.

Tuipeleke kanuni hii mahali pa majaribio: sebuleni, siku ya kuzungumza ng'ombe wa mahari. Bwana harusi ni kiziwi. Wazee wa ukoo wa bibi harusi wamekaa kwa mpangilio wa umri, na chupa za Primus zimekaa kwa mpangilio huo huo. Kijana anainua mikono, anasema lake. Mkalimani, mtiifu kwa Indiana, anatamka kwa sauti safi: "Mimi nimekuja kumwomba binti yenu."

Mzee anashusha chupa. "Njo weye unaoa?"

"Hapana, papa. Ni huyu."

"Sasa mbona unasema ni mimi?"

Hapo mfereji umepasuka tayari, maana sentensi mbili alizomjibu mzee mkalimani amezisema yeye mwenyewe, na bwana harusi anatazama mdomo wake akijiuliza kuna nini. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuwaeleza wazee nadharia ya nafsi ya kwanza, jambo ambalo litamaliza kreti nzima kabla ng'ombe hata mmoja hajatajwa. Ya pili ni kuhamia kwenye "anasema": anasema amekuja, anasema anampenda, anasema ng'ombe 6 ni wengi. Wakalimani wote ambao mtafiti anawajua huchagua ya pili, na wazee hutulia. Lakini sikilizeni kilichotokea kwa bwana harusi. Aliingia akiwa msemaji, sasa ni mtu wa kusimuliwa. Maneno yake yote yamegeuka uvumi, naye amekaa palepale, amevaa suti.

Mfereji wa Bukavu una tatizo jingine, viungo vingi. Mama mzazi anasema Mashi, lugha ya Washi. Muuguzi anaandika Kifaransa. Sokoni ni Kiswahili, tena cha kwetu, chenye batu na siyo watu. Kiziwi mwenyewe, kama alibahatika kusoma, alifundishwa alama ambazo midomo huzisindikiza kwa maneno ya Kifaransa. Alama hizo nazo zina safari ambayo mtafiti hachoki kuisimulia. Mwaka 1816 kiziwi mmoja wa Ufaransa, Laurent Clerc, alipanda meli kwenda Marekani, na mwaka uliofuata skuli ya viziwi ikafunguliwa Hartford, alama zake za Paris zikachanganyika na za wenyeji. Mwaka 1957 Andrew Foster, Mmarekani mweusi na kiziwi, wa kwanza wa rangi yake kupata shahada katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, alianza skuli Accra. Kutoka hapo akaendelea nchi hadi nchi, zikafika 13, Zaire yetu ya wakati huo ikiwemo, na skuli zikapita 30. Katika nchi za Kifaransa alama zake za Kimarekani zilivikwa Kifaransa mdomoni. Yaani alama ilitoka Paris, ikavuka bahari, ikapata uraia wa Marekani, ikavuka bahari tena, ikafika kwetu na kuambiwa: sema Kifaransa. Foster alikufa tarehe 3 Desemba 1987, ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka Rwanda, nchi ambayo ukisimama kwenye daraja la Ruzizi unaiona bila kukaza macho.

Kwa hiyo mama wa Kishi anapomuuliza mwanawe kiziwi swali moja dogo mbele ya daktari, swali hilo hupita Mashi, Kiswahili, mikono, Kifaransa, kisha hurudi. Njiani hupotea angalau salamu. Mwandishi wa maadili ataita upotevu huo kosa. Fundi yeyote wa mabomba atakuambia ni viungo.

KI-VI: mkalimani-kifaa

Kuna karatasi ambayo mtafiti ameiona kwa sura mbalimbali ila kwa moyo mmoja, nayo ni orodha ya mahitaji ya semina: viti 60, kipaza sauti 1, maji katoni 5, mkalimani 1, jenereta. Anayeandika hana ubaya, kampanga mkalimani kati ya maji na jenereta kwa sababu wote watatu huletwa na gari moja. Ukumbini atawekwa palipobaki, na palipobaki ni nyuma ya bango la mradi, au mbele ya dirisha jua likiwa mgongoni mwake, kiasi kwamba viziwi wanaona kivuli chenye vidole.

Mtihani wa ngeli hii ni umeme. Ukikatika jioni, wenye masikio huendelea na mkutano gizani kana kwamba hakuna kitu, wanatania hata. Kwa viziwi mkutano umekwisha. Mkalimani anawasha taa ya simu, anaishika kwa meno au anampa jirani amulikie mikono, na msemaji mkuu, akidhani anapigwa picha, ananyoosha tai.

Ndani ya KI-VI kuna jamii ndogo ambayo lazima itajwe, nayo ni kinyago. Kielelezo cha dunia kilionekana Johannesburg tarehe 10 Desemba 2013, kwenye ibada ya kumuaga Nelson Mandela, pale Thamsanqa Jantjie aliposimama kando ya marais, Barack Obama akiwa mmoja wao, akapunga mikono isiyosema neno. Viziwi walijua ndani ya dakika moja. Uwanja mzima wa wenye masikio haukujua, maana mwenye masikio humpima mkalimani kwa kipimo kimoja tu: mikono inakwenda?

Kinyago cha kwetu hakina bahati ya televisheni. Kimefanya mafunzo ya siku tatu, kinajua alfabeti, "habari", "asante", "Mungu" na "kunawa mikono", na kina brevet yenye muhuri wa duara. Viziwi wanakaa mbele yake kwa adabu. Watu hutafsiri adabu hiyo kuwa ni kuelewa. Na ukiuliza kwa nini hawalalamiki, fikiri lalamiko hilo litapita wapi. Kiziwi atasimama, ataeleza kwa mikono kwamba huyu bwana hajui kitu, ukumbi mzima utageuka kumtazama huyu bwana ili atafsiri, naye atatafsiri: "Anashukuru waandaaji."

Ngeli ya N, kwa ufupi

Nyumba moja, nyumba kumi. Ngoma moja, ngoma kumi. Katika ngeli hii umbo la mmoja na la wengi halitofautiani, na waandaaji wa makongamano wanaipenda kwa sababu hiyo. Kazi hii huchosha akili kabla ya kuchosha mabega, ndiyo maana taratibu za wenzetu zinataka wakalimani wawili wapokezane kila dakika 20 hivi. Bukavu mmoja huitwa saa mbili asubuhi, na saa tisa alasiri bado yuko pale, hotuba ya wajumbe imeingia ukurasa wa 14. Ukiwauliza wenye shughuli kwa nini hawakuleta wakalimani wawili wanakushangaa. Wameleta mkalimani. Ni umbo lile lile.

JI-MA: jikalimani

Kiambishi ji- hukuza: mtu huwa jitu, nyumba huwa jumba. Jikalimani alianza kama mkalimani wa kawaida, wa kanisani mara nyingi. Kisha wakubwa wakazoea kumpigia simu yeye, kwa kuwa kiziwi hapokei simu. Kisha wakazoea kumwuliza yeye viziwi wanataka nini. Siku moja, bila nia mbaya, alijibu bila kuwauliza. Hakuna aliyeshtuka. Tangu siku hiyo "viziwi wanasema" ni fungu lake la maneno, na ofisi nyingi mjini zinaamini zimezungumza na viziwi ilhali zimezungumza na yeye akiwa peke yake, tena kwa simu.

Utamtambua kwa ufupisho. Mchungaji anahubiri dakika kumi, ana Eliya, ana kunguru, ana mjane wa Sarepta na unga wake. Jikalimani anainua mkono mara moja: "Anamsifu Mungu." Kanisa linacheka kwa mzaha wa mchungaji, kiziwi anauliza wanacheka nini, jikalimani anajibu kwa alama ambayo kila kiziwi wa Bukavu anaitambua kutoka mbali: baadaye, nitakuambia baadaye. Mtafiti amejaribu kukusanya maneno yote yaliyoahidiwa kwa "baadaye" hiyo. Kazi bado inaendelea.

Nisimwonee, hata hivyo. Mtu huyu ndiye aliyeamka saa nane usiku kumsindikiza mama kiziwi kujifungua, bila kulipwa, tena mvua ikinyesha. Ukubwa wake umejengwa na ofisi zisizotaka kujifunza hata kusema "jambo" kwa mikono, na pia na usiku kama ule. Anayemlaumu aeleze kwanza alikuwa wapi saa nane.

KA-TU

Wenzetu wa Pwani hawana ngeli hii, wao hudogosha kwa ki-: kitoto, kijitu. Sisi wa huku tunayo, imo katika Kiswahili chetu na katika Mashi, na katika hesabu ya ngeli za Kibantu ya mwanaisimu Meinhof ni namba 12 na 13. Katoto, tutoto. Kamukalimani, tumukalimani.

Hawa ndio wakalimani wengi zaidi wa mji huu na hawajawahi kuitwa semina. Ni watoto wenye masikio waliozaliwa na wazazi viziwi. Wanaanza kazi kabla ya kuanza skuli. Sokoni wana miaka mitano na wanapunguza bei ya sombe. Wana miaka saba, baba mwenye nyumba amekuja kudai kodi akiwa na matusi matatu mdomoni. Katoto kanapitisha moja, la chini, mawili kanayameza. Hakuna aliyekafundisha. Kameona uso wa baba, kameona uso wa mwenye nyumba, kakapiga hesabu ya usiku huo watalala wapi.

Wanajua kutumia cheo chao pia, nani angeacha? Siku ya matokeo mwalimu anamwambia mama kwamba mtoto huyu ni mtoro, mchafu wa daftari na amekuwa wa 38. Mama anageuka kumtazama mkalimani wake. Mkalimani anainua mikono: mwalimu anasema nina bidii. Mama anampa mwalimu mkono, anatabasamu sana. Mwalimu anashangaa mzazi wa namna gani huyu.

Kisha inakuja siku ya hospitali. Daktari ana foleni, mlango uko wazi, hakuna mkalimani wala hela ya mkalimani, lakini kuna binti wa miaka tisa mwenye sare ya skuli. Daktari anainama kidogo, kwa upole kabisa: "Mwambie mama kwamba tumepata uvimbe." Anasubiri. Binti hajui alama ya uvimbe. Anajua alama ya kuumwa, anajua ya kufa, anajua ya kupona. Mama anamtazama. Binti anachagua kupona.

Mtafiti alifika hapa akaweka kalamu chini kwa muda. Wazichukue nguzo zote 7 waziweke kwenye mabega yale, waone. Usahihi umevunjwa, hilo ni wazi. Kutoegemea upande kumevunjwa, maana upande wenyewe ni mama. Siri ameitunza, ameitunza kupita kiasi: wiki tatu anaijua peke yake, anaenda nayo skuli, anarudi nayo. Malipo yalikuwa mkate mmoja mlangoni, alionunuliwa na mama mwenyewe, kwa furaha ya habari njema.

Na hapa kuna jambo la kisarufi lisilo la kuchekesha. Nimesema kiziwi, ingawa jina lake ni la vyombo, kitenzi humrudisha kwa watu: kiziwi amekuja. Katoto hakarudishwi. Huku tunasema katoto kamekuja, katoto kanalia, katoto kamesema. Kanakaa katika udogo wake hadi mwisho wa sentensi, hata kakiwa kamebeba sentensi yote ya daktari.

U: ukalimani

Uhuru, upendo, usawa, ukalimani. Vitu vya ngeli hii havishikiki, ila vinaandikika vizuri sana. Kongo ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na mkataba huo, katika kifungu cha 9, unataja wakalimani wa lugha ya alama walio wataalamu. Ipo Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Katiba ya mwaka 2006 imeorodhesha lugha: Kifaransa cha ofisini, kisha Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba za taifa. Mikono haimo. Majirani wametangulia: katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataka lugha ya alama iendelezwe, na ile ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya lugha ya alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Mbunge wa Nairobi akisinzia, kisheria anasinzia katika lugha tatu.

Huku ukalimani unaishi zaidi katika bajeti. "Ukalimani, siku 3." Siku zenyewe zikifika, mstari unaanza kupungua kama sabuni. Mkalimani anapouliza malipo huambiwa neno moja ambalo kila Mbukavu analijua: kuna transport kidogo. Transport maana yake kila kitu kisicho mshahara. Akisita, anaulizwa: kwani hawa si ndugu zako, si unawasaidia tu? Hakuna anayemwambia mwenye jenereta kwamba anawasaidia. Mwishowe inakuja bahasha, ndani yake dola 20, moja ya noti ina mpasuko mdogo kwa hiyo sokoni itakataliwa, na karatasi ya kusaini imeandikwa 50. Hapo mkalimani wa alama anatia sahihi kwenye jambo lisilo sahihi. Kati ya maswali yote ya maadili hili ndilo analokutana nalo mara nyingi kuliko yote, na hakuna mafunzo yanayoligusa, kwa kuwa mafunzo yenyewe yana karatasi ya kusaini.

Mtafiti anaomba nafasi hapa ya kusema nadharia yake, kabla haijasahaulika. Katika sentensi ya Kiswahili hakuna neno linalojichagulia kiambishi. Kivumishi, kionyeshi, kitenzi, vyote vinaitazama nomino kuu: ikiwa kitu, vyote ni ki-, ikiwa mtu, vyote vinakuwa watu. Mkalimani naye ni kivumishi. Hana ngeli yake mwenyewe. Nomino kuu ikiwa mwenye bahasha, mkalimani atapatana na bahasha. Ikiwa ni mchungaji, atapatana na mchungaji. Ikiwa nomino kuu ni yule kiziwi aliyekaa mbele, kiambishi kinageuka chenyewe, na mkalimani anakuwa mtu bila kufundishwa nguzo hata moja. Kwa hiyo swali la maadili ya kazi hii ni swali la sarufi: ni nani kiima wa mkutano huu? Sampuli za M-WA zipo mjini, mtafiti amezihesabu kwa vidole na vidole vimebaki. Wana dalili moja ya pamoja. Kabla mkutano haujaanza humwendea kiziwi kwanza, kisha ndiyo mwenye mkutano.

KU

Hii ni ngeli ya vitenzi: kuja, kusema, kuokoa. Wakalimani wake hawana jina, wana tendo tu. Motari anayemjua abiria wake kiziwi na kumwonyesha bei kwa vidole. Muuza caguo, yaani nguo za mitumba, ambaye hajawahi kusikia neno ukalimani lakini anajua alama za rangi zote.

Na mpita njia wa kwenye kizuizi cha barabarani. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mji huu, watu wenye bunduki barabarani ni wengine, lakini neno ni lile lile la miaka yote: simama! Linasemwa mara moja, mara mbili kwa mwenye bahati. Kiziwi anaendelea kutembea, kageuza uso upande wa ziwa. Hapo mama mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani, ambaye hamjui, hana brevet, hajalipwa transport, anapiga kelele: "Ni kiziwi! Haisikii huyu!" na anamkimbilia, anamshika mkono. Ndio ukalimani mfupi kuliko wote ambao mtafiti ameuandika. Maneno manne, lugha moja. Hakutumia nafsi ya kwanza.

PA-KU-MU

Tumebakiwa na ngeli za mahali, na mahali ndipo siri inapokaa. Pa- ni mahali hasa, panapojulikana: pale mlangoni. Ku- ni upande, eneo, si lazima pajulikane: kule. Mu- ni ndani: humu.

Kanuni ya Adhabu ya Kongo, kifungu cha 73, inamwadhibu anayetoa siri aliyoipata kwa sababu ya kazi yake. Sheria hiyo iliwafikiria watu wanaonong'ona. Lugha ya alama hainong'oni. Daktari anafunga mlango, anasahau dirisha; upande wa pili wa uwanja kuna kiziwi mwingine amekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake, na kila kidole anakisoma kama gazeti. Mkalimani mzoefu anapoingia chumbani hatafuti kiti, anatafuta dirisha, kisha analipa mgongo. Mtafiti anapendekeza hili liwe nguzo ya 8.

Siri ikishafungiwa humu, inabidi itembee mjini, na mji wenyewe ni vilima na ziwa, mtu hana pa kupitia asikutane na mtu. Jumanne asubuhi mkalimani alikuwa hospitali na dada mmoja kiziwi. Jumanne jioni wako kwaya moja. Jumatano, kwenye ngazi za soko la Kadutu, anakutana na mama mkwe wa yule dada, kikapu mkononi, mwenye wakati wote duniani.

"Mwanangu, habari za tangu jana?"

"Nzuri, mama. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kuzuri. Jana nilikuona na muke wa mwanangu. Mulikuwa wapi?"

"Kule, mama."

"Kule wapi?"

"Huku huku."

"Pale hospitali?"

"Kule chini, mama. Huku na huku."

Mama mkwe hakusema neno. Akaacha kumtazama usoni, akashuka hadi kwenye mikono yake, akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mifukoni.